Maji Baridi

4 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na kuku wako wanakutii kuliko nilivyokutii mimi. Huku wote wazima. Mume wangu bado anapanda nguzo za umeme. Juzi amerudi suruali imechanika nyuma yote, akasema ni upepo, nami nikamwambia upepo huo una meno. Binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele. Akisema "sisi" tunafuta meza.

Sasa habari yenyewe. Nimepata jiko la kiwanda cha mashati. Jiko lote, Mama Mkubwa, masufuria, friji la milango miwili na wasaidizi wawili. Napikia washonaji mia na themanini kila mchana. Ule mwani mkavu ulionitumia niliuchemsha, nikautia siki na vitunguu, nikauweka pembeni kama majaribio. Ulikwisha kabla ya wali. Kuna mama mmoja mshonaji, kazi yake ni kola tu, kola asubuhi mpaka jioni, nasi tunamwita Kola. Huyo alirudi na sahani akaniuliza kama mwani huu haupatikani mbichi. Anasema aliwahi kuula utotoni na ulikuwa unalia mdomoni.

Naomba unitumie mbichi. Ndoo moja tu nijaribu. Nataka waseme jiko hili lina kitu ambacho majiko mengine hayana.

Mwanao,
Kwanini


19 Machi

Kwanini wangu,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na jirani kwa sababu miwani yangu kuku ameikalia. Goti ni lilelile, linajua mvua kabla ya redio. Mwambie mkwe wangu ashone suruali zake kwa waya wa umeme. Na huyo mjukuu usimkataze kusema "sisi", meno yakiota hutayasikia tena maneno hayo.

Nimefurahi kuhusu jiko. Mama yako angefurahi zaidi, alikuwa mtu wa kulisha watu. Lakini mbichi sipendi kutuma. Huo mkavu tunaulaza kwanza kwenye chokaa mpaka uache wekundu uwe kijani, ndipo tunauanika. Mbichi haujapita popote. Ila nakujua, ukiomba kitu unang'ang'ania kama kupe, na ukinyimwa unauliza kwa nini mpaka mtu anatamani kuhama. Jina hilo hatukukupa bure. Nashangaa siku hizi huulizi tena.

Basi ndoo inakuja na basi la Jumatano, mwani umo ndani ya maji yake ya bahari. Nakuagiza jambo moja, ulisome mara mbili. Mwani mbichi usiulaze kwenye maji baridi. Hata kidogo. Usuuze kwa maji yake hayohayo ya ndoo, utie siki, uliwe siku hiyo. Maji baridi, hapana.

Na usiniulize sababu. Kuna mambo mtu anayafanya tu kama alivyoambiwa.

Mama yako mkubwa


2 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo sana. Ndoo ya kwanza imeisha siku moja, na ya pili uliyomkabidhi dereva imefika salama. Kola amekula sahani mbili akasema nisipoleta tena atahamia kiwanda cha soksi. Mzungumzaji yule. Kidole chake cha shahada kina alama za sindano kama kijiko cha kuchujia, na anasema kila alama ni kola ya bwana mkubwa fulani.

Agizo lako nimelifuata kama askari. Maji baridi hayajagusa mwani wangu. Wasaidizi wangu nimewaambia anayeufikisha karibu na friji atafute kazi nyingine. Wananicheka, wanasema mama mkubwa wako anaogopa mwani usipate mafua. Nami nikacheka, lakini nimefuata.

Kuna tatizo dogo la chumvi. Ukisuuzwa kwa maji ya ndoo tu unabaki na chumvi kali, na msimamizi wa kiwanda, ambaye tuligombana wiki iliyopita kuhusu mitungi ya gesi, amelalamika mbele ya watu. Ijumaa tarehe 12 kuna wageni, wanunuzi wa mashati, na ameagiza mwani uwepo lakini usiwe wa kuchoma ulimi. Nimepata dawa. Nitaulaza tangu Alhamisi mchana kwenye maji ya uvuguvugu. Siyo baridi, usiogope. Nimeshajaribu kidogo na kuyapima kwa kiwiko kama maji ya kumwogeshea mtoto. Chumvi inatoka yote.

Nitakuandikia baada ya wageni. Niombee.

Mwanao,
Kwanini


11 Aprili

Mwanangu,

Leo sina salamu. Barua yako imefika saa hii, jirani ameisoma nami nimesimama.

Umwage mwani huo. Wote. Usimpe hata mbuzi.

Maji baridi maana yake si ya friji. Huku kwetu maji ni ya aina mbili, ya chumvi na baridi. Maji ya bomba ni maji baridi. Ya mvua ni maji baridi. Ya kisima ni maji baridi hata ukiyachemsha yakatoa moshi. Uliondoka huku una miaka tisa na mimi nikakuandikia kama mtu aliyebaki. Kosa ni langu, halafu utanitukana, lakini kwanza mwaga.

Nimepiga simu ya jirani mara kumi na moja, inasema hupatikani. Barua hii nampa dereva mkononi, nimemwambia asilale kabla hajakuona.

Mwaga, mwanangu. Waambie wageni umekwisha.


20 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Binti yangu na baba yake hawakula, nianze na hilo. Mimi nilionja kijiko kimoja, nikaumwa tumbo na kizunguzungu, nimepona.

Barua yako ilifika Jumamosi tarehe 13. Dereva aliileta mpaka mlangoni akakuta kufuli, kwa sababu tulikuwa hospitali. Simu ilikuwa haipatikani kwa kuwa Alhamisi niliitumbukiza kwenye karai la vyombo. Nayaandika haya mawili uyaone yalivyo madogo.

Waliougua ni kumi na wanne. Wageni wawili, waliobaki washonaji, karibu wote wanawake. Walianza kutapika na kuharisha saa tisa alasiri, mashine zikiwa zinaunguruma. Kola alikuwa amekula sahani mbili kama kawaida yake, na ya pili nilimpakulia mimi mwenyewe nikamwongezea. Wenzake wanasema aliinama juu ya cherehani wakadhani anatafuta uzi. Sindano ilikuwa imepita kwenye kidole chake na hakukivuta.

Presha yake ilishuka mpaka wauguzi wakawa wanabadilisha kipimo wakidhani ni kibovu. Mpaka leo hajafungua macho. Figo zimesimama. Kumi na watatu wamerudi nyumbani, yeye yuko kwenye mashine. Nakwenda kila asubuhi, nakaa kwenye benchi la nje. Mama yake ananiletea chai. Hajajua bado kwamba mwani ulikuwa wangu, anafikiri mimi ni rafiki tu. Ni kweli mimi ni rafiki. Chai yake nainywa mpaka mwisho, Mama Mkubwa.

Watu wa afya wamefunga jiko na kuchukua masufuria. Polisi wameuliza nani alinipa mwani. Nimesema nilinunua sokoni kwa mtu nisiyemjua. Barua zako nimezifukia kwenye kopo la mchele. Jina lako halitatoka kinywani mwangu.

Lakini wewe uniambie. Ulijua. Uliandika "usimpe hata mbuzi" kabla hujasikia kwamba kuna mtu ameumwa. Ulijuaje?

Mwanao


29 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimepokea barua yako. Huku mvua imeanza, kuku watatu wamekufa, jogoo yupo. Jirani amepata mjukuu wa kiume mwenye kichwa kikubwa. Goti linaniuma zaidi upande wa ndani. Nimewaambia wenzangu wasipeleke mwani mbichi popote, wamenikubalia.

Namwombea huyo mshonaji asubuhi na jioni. Mungu ni mwingi wa huruma.

Barua zangu zichome. Zile zote. Mchele hauna siri, siku ukipika utasahau.

Uliniuliza jambo. Watu wa huku tunajua mambo mengi ya bahari bila kujua tumeyajulia wapi. Ni mazoea tu. Kula, usikonde. Msaidie mumeo.

Mama yako mkubwa


15 Mei

Kwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Karatasi hii nimepewa na wakubwa wa mahabusu, na kabla haijakufikia itasomwa, kwa hiyo nitaandika kama mtu anayejua anasomwa.

Kola alifariki tarehe 2. Mimi nilikamatwa tarehe 5, nikitoka mazikoni. Mama yake alikuwa ameshaambiwa. Hakunitukana. Alinitazama tu akasema, "Na chai yangu ulikuwa unainywa."

Tumelala humu wanawake tisa, chumba kina dirisha moja la juu. Mume wangu anakuja Jumanne, anasimama upande wa pili wa waya na hajui aweke wapi mikono. Binti yangu ameambiwa nimekwenda kazini mbali.

Kesi yenyewe si uzembe. Nashitakiwa kulisha watu sumu kwa makusudi. Maabara wametafuta dawa ya panya, dawa ya wadudu, vijidudu vya chakula kilichooza, hawakupata hata kimoja. Mpelelezi ni mtu mpole, anachonga penseli wakati anauliza. Aliniambia, "Mwani ni chakula. Watu wanaula tangu enzi na hawafi. Kwa hiyo wewe uliongeza nini?" Nikamwambia sikuongeza kitu. Akachonga tena. Msimamizi wa kiwanda ameshatoa maelezo kuhusu ule ugomvi wa gesi, kwamba nilisema atajuta. Nilisema kweli. Nilikuwa na maana ya wali mbichi.

Mwani niliununua kwa mtu nisiyemjua, nimelisema mara tano na nitalisema mara ya sita. Lakini kama unamfahamu mtu yeyote, popote, anayejua kwamba mwani wenyewe, bila kutiwa kitu, unaweza kuua ukikaa kwenye maji fulani, na anajua kwa kuona siyo kwa mazoea, basi mtu huyo ndiye ninayemhitaji. Hakuna mwingine. Wakili niliyepewa anasema bila mtu wa namna hiyo naozea humu. Kesi inatajwa tena tarehe 30.

Sijui niombe vipi. Nimeishiwa maneno ya kuomba. Binti yangu atakuwa ameota meno.

Mwanao


24 Mei

Mwanangu Kwanini,

Marahaba, na pole, na salamu kwa hao wanawake wanane ulio nao. Leo naandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu jirani anayeniandikia hawezi kuyaandika haya akabaki jirani. Mistari ikipinda uvumilie.

Na ninyi mnaosoma kabla yake, someni vizuri. Mwani ni wangu mimi. Nilivuna mimi, nikautia ndooni mimi, nikamkabidhi dereva. Hakuna mtu wa sokoni. Anadanganya kwa sababu nimemlea.

Umeuliza nilijuaje. Umeuliza mara mbili katika barua, lakini ulianza kuuliza ukiwa na miaka sita.

Mama yako alikuja kunitembelea akiwa na wewe. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, sijui kama ulijua. Miguu imemvimba, daktari amemkataza chumvi, naye mwani mbichi anaupenda kuliko mume. Nikamwambia usihangaike, nitautoa chumvi. Nikauweka kwenye ndoo nje chini ya bati mvua inyeshe ndani, siku nzima na siku ya pili yake mpaka adhuhuri. Nikauonja ncha ya ulimi, nikaona umepoa, hauna chumvi. Nikajisifu. Nilimpakulia bakuli zima na samaki juu, akala, akanicheka kwamba leo nimepika kitu kikaliwa. Wewe ulikataa, ulisema unafanana na nywele. Namshukuru Mungu kila siku kwa jambo hilo, na kila siku linanichoma, kwa sababu mtoto wa miaka sita aliona kitu mimi sikukiona.

Alianza kutapika jua likiwa bado juu. Mimba ilitoka kwanza. Halafu mikono ikawa baridi mpaka kwenye viwiko. Mpaka tunapata gari alikuwa hanijibu.

Nilisema ni tumbo. Kila aliyeuliza nilimwambia tumbo, na watu wakakubali, tumbo linaua watu wengi. Mimi mwenyewe sikujua ni mwani. Nilihisi tu, nikaacha kuugusa. Miaka minne baadaye akaja bwana samaki wa serikali kutufundisha kuuza mwani. Akatukalisha kwenye mabenchi ya shule akatuambia, huu mwekundu wa nywele msiuache kwenye maji yasiyo na chumvi. Akasema mwani ukiwa hai ndani ya maji baridi unaumwa, unaanza kutengeneza kitu ndani ya mwili wake, na kitu hicho kinamtapisha mtu na kuangusha presha yake, hasa mwanamke. Akasema chokaa inauzima. Wenzangu walikuwa wanapiga miayo. Mimi niliandika yote kwenye daftari, tarehe na jina lake, kwa mwandiko mzuri, kama mwanafunzi hodari. Nikainua mkono nikauliza, na mvua? Akasema mvua ni maji baridi pia. Nikaandika.

Daftari hilo liko chini ya godoro langu. Nimelilalia miaka yote hii.

Ungejua sababu, usingekosea. Hilo ndilo linaloniua. Ningeandika mstari mmoja tu, "usiulaze kwa maji yasiyo na chumvi kwa maana ndiyo yaliyomuua mama yako", ungefahamu hata kama ungekuwa mwezini. Nilikuandikia maji baridi, nikakuambia usiulize. Agizo lisilo na sababu ni mlango usio na komeo, kila mtu anausukuma anavyoona.

Kuna jingine, nilimalize. Baada ya mazishi uliniuliza kwa nini siku tatu mfululizo. Jikoni, uani, mpaka chooni ulinifuata. Siku ya nne nilikuchapa. Kwa mwiko. Hukuuliza tena, na watu wakanisifu kwamba nimekulea vizuri, mtoto ametulia.

Ile barua ya maji baridi kama uliichoma, ni mimi niliyekuambia, nami nitasema hivyo. Kama hukuichoma, mumeo aitoe.

Barua hii inatangulia. Mimi napanda basi Jumatatu na daftari. Yule bwana samaki amestaafu lakini nimepata anakoishi, nitapitia kwake, na kama hataki kuja nitamkalia mlangoni na goti langu.

Mama yako mkubwa, aliyemuua mama yako


30 Juni

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Niko nyumbani kwa dhamana. Binti yangu ameota jino moja, limepinda. Mume wangu amenunua suruali.

Barua sikuichoma. Mume wangu aliitoa kwenye mchele, mpelelezi akaisoma karibu na daftari lako, akaacha kuchonga penseli. Maelezo ya bwana samaki yameingia kwenye jalada, na maabara wamepima upya, safari hii wamepima mwani wenyewe. Shitaka sasa ni uzembe. Wakili anasema nitapewa adhabu, lakini siyo ile.

Nilikuona siku ile. Kupitia kioo cha ofisi, umekaa kwenye kiti daftari mapajani, umevaa viatu vya kwenda hospitali. Askari aliniambia nitoke nikusalimie. Nilikataa. Ulinyoosha shingo ukanitafuta, nami nikarudi nyuma ya mlango. Naandika ili usidhani hukuonwa.

Nilikuchukia wiki tatu. Bado sijamaliza. Lakini nakula chakula chako chote ulichoniachia, kwa hiyo sijui ni chuki ya aina gani.

Jumapili nilikwenda kwa mama yake Kola. Alinifungulia, akanipa kiti, chai hakunipa. Nilimweleza kuhusu mwani, maji, neno lile moja, mimi na wewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

Binti yake Kola ana miaka saba. Alikuwa amekaa sakafuni anapanga vifungo vya mashati kwa rangi. Aliniuliza kwa nini mama yake amekufa. Bibi yake akafungua mdomo, nami nikaliona neno "usiulize" linakuja, nililijua kabla halijatoka. Nikamwahi. Nilikaa naye chini, nikaomba vikombe viwili vya maji, kimoja nikakitia chumvi, nikamwonjesha vyote, nikamwambia kimoja ni nyumbani kwa mwani na kingine siyo. Akauliza kwa nini. Nikajibu. Akauliza tena. Alikuwa anaweka kifungo kimoja pembeni kwa kila jibu, mpaka vikafika vinane, na hakuna lililonishinda.

La tisa aliuliza kwa nini mimi sikumuuliza aliyenitumia, maji baridi ni yapi.

Kifungo hicho bado kiko mkononi mwake, amesema hatakiweka chini mpaka ajibiwe. Nilimwambia kwamba jibu hilo silo langu peke yangu. Goti likikuruhusu, panda basi, nitakusubiri kituoni, twende umjibu.

Mwanao,
Kwanini